Enyi Watu wa Pwani, Kuta Zinaliwa

Ndugu zangu wa pwani, kuanzia Faza na Siyu hadi Kilwa na Mikindani, nina neno nanyi, na sitalizungusha. Kuta zilizolinda bandari zetu zinaliwa. Chumvi inazila kwa ndani, mawimbi yanazila kwa chini, mizizi ya mikuyu inazipasua kwa juu, na sisi wenyewe tunazimaliza kwa mikono yetu. Leo jiwe moja la kukalia mlangoni, kesho toroli la kifusi la kujazia msingi, keshokutwa kiwanja cha ufukweni kinapimwa mpaka ndani ya boma la kale na hakuna anayeuliza. Tunapita hapo kila siku. Tunafunga mbuzi hapo, tunaanika nguo hapo, tunatupa taka hapo, kisha tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni!

Najua mtakalonijibu, maana nimelisikia barazani na sokoni, na hata kwa watu waliosoma. Ngome ni za Mreno. Ngome ni za Mwarabu. Boma ni la Mjerumani. Sisi zinatuhusu nini? Neno hili ndilo lililotuponza. Limetufanya wapangaji katika nyumba tuliyoijenga wenyewe.

Twendeni Mombasa. Ramani ya Ngome ya Yesu ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa mjenzi mkuu wa ngome za Wareno huku Mashariki, na kazi ikaanza mwaka 1593. Sawa, Cairati alichora. Lakini karatasi haizuii mzinga. Nani aliyeukata mwamba wa matumbawe mpaka likapatikana handaki? Nani aliyelala macho akichochea tanuu la chokaa? Nani aliyepandisha mawe juu ya buruji zile nne huku jua likimchoma mgongo? Jiwe ni la pwani hii. Chokaa ni ya pwani hii. Jasho lililokandia chokaa hiyo halikuja na merikebu kutoka Lisbon peke yake. Na mkitaka kujua jasho la ujenzi lilivyokuwa, waulizeni wazee wa Pemba habari za Pujini, boma la Mkama Ndume la karne ya 15. Masimulizi yanasema aliwalazimisha watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. Mwanaakiolojia Adria LaViolette na wenzake wamechimba Pujini, wakatueleza mengi kuhusu kuta zake na chumba chake cha chini ya ardhi. Lakini uchungu wa wale waliobeba mawe haukutunzwa na jembe la mchimbaji, umetunzwa na vinywa vya wazee wa Pemba, na vinywa hivyo vinazikwa kimoja baada ya kingine.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 1631 Ngome ya Yesu ilitekwa. Aliyeiteka ni Yusuf bin Hasan, mwana wa Mombasa aliyechukuliwa akiwa mtoto akapelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akabatizwa akaitwa Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme wa mji wake chini ya Wareno. Mwezi Agosti wa mwaka ule aliinuka akaishika ngome. Goa ikaleta kikosi mwanzoni mwa 1632, kikaizingira, kikashindwa. Wareno waliirudia tu baada ya Yusuf mwenyewe kuondoka. Kapteni wao aliyeshika ngome mwaka 1635, Francisco de Seixas de Cabreira, akachongesha maandishi juu ya lango akijisifu jinsi alivyoitiisha pwani, na maandishi hayo yangalipo mpaka leo. Watalii wanayapiga picha. Majigambo ya Cabreira yana jiwe lake. Hoja ya Yusuf ina jiwe gani? Ushahidi uliochukuliwa Goa kuhusu Wakristo waliouawa katika kisa kile ulitunzwa, nao umechapishwa, na ni haki yao waliokufa wakumbukwe. Lakini upande wa pili wa kisa, upande wa mji, nani ameuandika? Nani amekwenda kusoma nyaraka zile kwa jicho la mtu aliyezaliwa Mji wa Kale, akatafuta kati ya mistari ya adui sauti ya bibi yake?

Na kuna habari kubwa kuliko hiyo. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome. Kuzingirwa kule kulidumu hadi Desemba 1698. Njaa iliingia, kisha ikaingia tauni, na askari wa Kireno wakafa mmoja mmoja. Mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni wa ngome naye akafa. Je, mnajua ni nani waliobaki kuishika ile ngome mnayosema ni ya Mreno? Alibaki Sheikh Daud wa Faza, na jamaa zake 17, na wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Wanawake hamsini! Waliishikilia mpaka msaada wa Goa ulipofika mwezi uliofuata. Juu ya kuta zile, katika harufu ya maiti na baruti, kwa muda ule ngome kubwa kuliko zote za pwani yetu ilisimama kwa mikono ya wanawake wa Kiafrika na watu wa Faza.

Majina ya makapteni tunayo. Mavazi yao tunayo katika michoro. Majina ya wale wanawake hamsini yako wapi? Walitoka wapi? Walikuwa watumwa, wakimbizi, wake za watu? Waliinua mzinga au walibeba maji? Waliishia wapi siku ngome ilipoanguka? Enyi mabinti mnaosoma historia katika vyuo vyetu, mnaotafuta mada ya tasnifu mkaambiwa kwamba kila kitu kimekwisha kuandikwa, mmeambiwa uongo! Hili halijaandikwa inavyostahili. Amkeni mlifuate. Jifunzeni Kireno cha zamani kama wenzenu wanavyojifunza Kichina cha biashara. Nendeni Lisbon, nendeni Goa, ombeni ufadhili, gongeni kila mlango, mrudi na habari za bibi zenu.

Siwaombi mzisifu ngome. Muungwana hausifu ukuta uliofungia watu. Katika pwani hii watu walifungwa minyororo kisha wakauzwa, na ngome zilikuwa sehemu ya utawala ule. Baadaye, karibu kila mahali, ngome ikageuzwa jela. Ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ya Lamu ilibaki jela hadi 1984, na wapo wazee wa Lamu wanaokumbuka sauti za wafungwa. Ngome Kongwe ya Unguja iliwahi kuwa jela pia. Je, si ajabu kwamba tulijifunza kuzikwepa? Mtoto aliyekatazwa kusogelea lango la jela hawezi kukua akilipenda. Nawaelewa. Lakini sasa malango yako wazi, na chuki ya babu haitutoshi kuwa sababu ya kuacha ushahidi ubomoke. Mtu aliyeteswa mahali hapabomoi mahali hapo ili mtesaji asahaulike! Anasimama hapo na kusema: hapa ndipo. Mkiuacha ukuta uanguke, mmemwondolea mateka shahidi wake wa mwisho.

Tena si kila ngome iliwekwa na mgeni. Ingieni katika kaya za Wamijikenda, nyuma ya Kilifi, Rabai na Kinondo. Hizo ni ngome zisizohitaji jiwe. Msitu mnene wenyewe ndio ukuta, njia ni nyembamba kusudi adui asipite ila kwa mstari mmoja, milango ilikuwa na walinzi wake, na katikati ndipo palipokuwa na mji. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia, na kila mtu akapiga makofi. Lakini makofi hayazuii shoka. Wazee wa kaya ndio walioilinda misitu hii kwa miiko, na baadhi yao wametishwa na kuitwa wachawi kwa kazi hiyo hiyo. Aibu iliyoje! Mwenye kumwita mlinzi wa ngome mchawi amefanya kazi ambayo adui wa zamani hakuiweza.

Nendeni na Siyu, katika kisiwa cha Pate. Hufiki kwa wakati uutakao. Hungoja maji yajae, ndipo mashua ipenye katikati ya mikoko mpaka ngome ikutokee. Mji huu wa mafundi na waandishi wa misahafu ulikuwa mji wa Bwana Mataka. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said wa Oman, aliyekuwa na merikebu na mizinga na nusu ya pwani mkononi, aliituma nguvu yake huko, ikashindwa. Mfereji wa matope, mikoko na watu wenye msimamo vilitosha. Mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma anavijua vita vya Waterloo. Vita vya Siyu anavijua? Vita vya Shela je, vya 1812, ambapo watu wa Lamu waliwapiga watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa ufukweni, kisha, kwa hofu ya kisasi, wakajiweka chini ya Oman na ngome yao ikainuliwa na kukamilika mwaka 1821? Hiyo ngome ya Lamu ni hati ya hofu na ya hesabu za siasa. Isomeni kama hati.

Watu wa pwani, shida yetu si uhaba wa ushahidi. Ushahidi umejaa, ila umetawanyika, na wenye kuukusanya ni wachache. Mashairi ya Muyaka bin Haji yana vita vya Mazrui na Seyyid Said ndani yake, yakiwa yametungwa na mtu aliyekuwepo Mombasa. Mwanafunzi anayasoma kwa vina na mizani, halafu anayafunga, bila kuyapeleka kwenye ukuta wenyewe na kuuliza mzinga ulipigwa kutoka wapi. Chini ya maji, mbele ya ngome, ilizama merikebu Santo António de Tanná mwaka 1697. Ilipoanza kuchimbwa mwaka 1977 ilitoa vitu kwa maelfu, na vingi viko katika makumbusho ya ngome pale pale. Ndani ya ngome kuna michoro ya merikebu ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani. Na nyumbani kwenu, katika kasha la marehemu, kuna barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ambayo hakuna mjukuu anayeweza kuisoma. Ndugu zetu mlioko Maskati na Sur, ambao Kiswahili bado ni lugha ya nyumbani kwenu, nanyi nawaambia: barua za babu zenu waliokuwa makadhi, manahodha na makamanda huku si karatasi za kufungia bizari. Zifungueni. Zipigeni picha. Zileteni zisomwe pamoja na za huku.

Nimesema utafiti, sasa niseme matengenezo, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wema wanapoua.

Kuta za pwani yetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linavuta maji na kuyatoa. Chokaa nayo inapumua. Mvua ikinyesha ukuta unalowa, jua likitoka ukuta unakauka, na chumvi iliyoingia na unyevu hutoka polepole kwa nje, ikala lipu ya chokaa badala ya jiwe. Lipu ndiyo inayojitoa mhanga. Kila baada ya miaka kadhaa inapakwa upya, na jiwe linabaki salama ndani. Ndivyo walivyofanya waashi wa zamani. Chokaa ilichomwa kwa magogo, ikamwagiwa maji, ikaachwa izeeke miezi, ndipo ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu.

Kisha anakuja mtu na mfuko wa saruji. Ana nia njema, na pengine ana zabuni. Anaziba nyufa, anapiga lipu ya saruji, anapaka rangi ya kung'aa, mheshimiwa anakata utepe. Kwa macho ukuta umepona. Kumbe umezikwa hai! Saruji haipumui. Maji yakishapata njia ya kuingia hayana njia ya kutoka. Chumvi inakusanyika nyuma ya lipu ngumu, inakuwa fuwele ndani ya vitundu vya jiwe, na jiwe linageuka unga. Miaka inapita, lipu inaanguka kwa kipande kizima, imeng'ang'ania sura ya ukuta, nyuma yake kumebaki vumbi. Mnashangaa: mbona ulikarabatiwa juzi tu? Uliuawa juzi.

Mtu ataniambia kuchoma matumbawe hai na kukata mikoko ni kuiharibu bahari. Kweli, na hakuna anayewaomba mfanye hivyo. Chokaa njema hupatikana kwa mawe ya nchi kavu. Kinachokosekana ni mwashi anayejua kuizeesha na kuipaka. Mafundi hao wamebaki wachache, wana mvi, na vijana wanaofuata wamefundishwa saruji tu. Wakuu wa vyuo vya ufundi, nawasihi kwa moyo wote: wekeni chokaa katika mafunzo yenu! Mchukueni mwashi mzee wa Lamu au wa Mji Mkongwe, mlipeni kama mwalimu, asikae barazani akifa na elimu yake kichwani.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Si ngome, lakini imesimama ubavuni mwa Ngome Kongwe, ikitazama bahari ile ile, na mawe yake ni ya tumbo moja na mawe ya jirani yake. Yeyote aliyeona picha za kifusi kile asiniambie kwamba tuna muda.

Na Kilwa je? Ngome iitwayo Gereza, kule Kilwa Kisiwani, imesimama pale Wareno walipojenga ngome yao mwaka 1505, wakaiacha 1512. Ngome tunayoiona leo ni ya Waomani, ya mnamo 1800. Bahari iliifuata mpaka ukuta wake ukaanza kuanguka majini. Mwaka 2004 UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini. Waliochelewa kuziba ufa walilazimika kujenga ukuta, tena baharini. Lakini walijenga! Kuta za kuzuia mawimbi zikawekwa, mikoko ikapandwa, wanakijiji wakashika kazi, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ile. Shikeni mfano huo. Si kisa cha kusikitika tu. Ni kisa cha watu waliokataa. Mombasa nako ukuta wa bahari umejengwa katika miaka ya karibuni chini ya Ngome ya Yesu. Yawezekana, basi. Imekwisha kufanyika.

Sheria nayo ina pengo ambalo wabunge wetu wa pwani lazima waambiwe. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863. Vilivyofuata vinangoja tangazo la waziri. Fikirini maana yake! Boma ambamo Bushiri bin Salim alijihami dhidi ya Wajerumani karibu na Bagamoyo, likavamiwa na kamanda wao Wissmann tarehe 8 Mei 1889, ni la baada ya 1863. Maboma ya Wajerumani yote ni ya baada ya 1863. Uwanja wa vita wa Tanga wa Novemba 1914, ambapo Waingereza na askari wao wa Kihindi walirudishwa baharini, ni wa baada ya 1863. Upinzani wetu karibu wote dhidi ya ukoloni wa Kizungu uko upande usiolindwa wa mwaka huo. Ni kijana yupi wa Bagamoyo anayeweza kuwapeleka leo mahali hasa boma la Bushiri liliposimama? Huyo atafutwe. Kama hayupo, mzee anayepajua atafutwe kabla ya Ijumaa ijayo, na watu wa vipimo waende naye, na tangazo liombwe.

Nayasemea hata maboma ya saruji ya Vita Vikuu vya Pili, maana nayo hayana mtetezi. Mwaka 1942 Kikosi cha Mashariki cha jeshi la majini la Uingereza kilihamia Kilindini baada ya Wajapani kuipiga Ceylon, na Mombasa ikajihami kwa mizinga ya pwani. Masalia ya saruji ya enzi ile watu wanayafanya choo. Askari Waafrika waliolinda bandari ile ni babu za watu walio hai. Wajukuu, ingieni na ufagio kabla ya mwanahistoria kuingia na kalamu.

Basi fanyeni hivi, tena kabla ya masika. Walimu, watoeni watoto darasani siku moja, kila mtoto apewe ukuta wake wa kuupima kwa kamba na kuuchora, michoro ihifadhiwe shuleni mwaka hadi mwaka, ili ufa ukiongezeka uonekane. Masheikh na mapadri, lisemeni jambo hili mimbarini na altareni. Wavuvi, nyinyi mnaoona jiwe la kwanza linapoangukia majini, pigeni simu. Mabaraza ya miji, kabla ya kupima kiwanja cha ufukweni mwiteni mtu wa mambo ya kale atembee juu yake kwanza. Vijana, mmea mdogo ukichipua kwenye ufa ung'oeni ungali kama kidole. Ukishakuwa mti, msiuvute, maana utatoka na ukuta. Ukateni juu, shina liachwe, aitwe mhifadhi. Na mkikuta jiwe limeanguka, msilirudishe kwa saruji wala msilichukue. Liacheni lilipo, lipigeni picha, andikeni tarehe na limetoka upande gani, mumpelekee mwenye dhamana, mkae naye mpaka aje kuliona.